Nilipokuwa Mkalimani wa Mama

Kuna swali ambalo kila mwanafunzi wa Kiswahili amewahi kutupiwa kwao nyumbani: "Utafanya nini na hicho Kiswahili chako?" Mimi niliulizwa na senge, yaani dada wa baba, siku ile niliyopata barua ya kujiunga na chuo kikuu. Jibu nililompa silikumbuki. Jibu la kweli lilinijia miaka kadhaa baadaye katika chumba cha daktari, mama akiwa ameketi ukingoni mwa kitanda na shuka begani, nami nimeugeukia ukuta.

Kwetu ni Longisa, katika kaunti ya Bomet, kando ya barabara itokayo Bomet mjini kuelekea Mulot hadi Narok. Msomaji akisikia Kericho na Bomet huenda akafikiri kwamba kila kilima kimevikwa majani ya chai. Sivyo. Huku kwetu ni mahindi, ng'ombe wa maziwa na jua la kutosha. Chai huanza ukipanda kuelekea Tenwek na Silibwet. Mama alizaliwa kwenye kambi ya wafanyakazi wa shamba la chai huko Kericho, akacheza na kugombana na watoto wa Waluo, Wakisii na Waluhya, na huko ndiko alikokipata Kiswahili ambacho, hadi leo, hukitumia kuhesabia fedha na kukaripia mbwa. Hata alipoolewa Longisa hakuiacha chai. Yeye na baba wana kijishamba kisichotimia ekari moja upande wa Silibwet, na mama ndiye hupanda huko kuchuma, kikapu mgongoni, majani mawili na chipukizi.

Nieleze jambo moja ambalo bila hilo kisa hiki hakitaeleweka. Nyumbani kwetu, kijana aliyekwisha kutoka jandoni hazungumzi na mamake kuhusu maungo. Si kwamba kuna faini; ni kwamba haiwezekani tu, ulimi wenyewe hukataa. Uvimbe ulipojitokeza katika titi la kushoto la mama mwaka 2022, alikaa nao miezi kadhaa bila kumwambia mtu, na mimi nikawa wa mwisho kujua. Aliondolewa titi hilo Januari 2023, pamoja na tezi za kwapani. Kisha ikafuata tibakemikali, kisha safari za Eldoret kupigwa miale, vikao 15 katika wiki tatu. Katika muda huo wote mimi nilibeba mifuko, nikapanga foleni, nikalipa nauli, wala sikulitamka jina la kiungo kilichotuweka safarini. Nilisema "ule ugonjwa". Nilisema "upande ule".

Kisha, mwaka 2024, dada yangu ambaye ndiye aliyezoea kuingia naye kwa daktari akajifungua, na zamu ikaniangukia.

Daktari tuliyepelekwa kwake alikuwa mpole lakini mwenye haraka, na hakujua Kikipsigis. Alizungumza Kiingereza cha vitabuni. Mama alipomwelekeza kwangu kwa kidevu, nilitambua kwamba sina budi kusema kila kitu. Ndipo nilipogundua hila ambayo nadhani wengi wetu tuliolelewa na lugha mbili au tatu tunaijua bila kuifundishwa: yale nisiyoweza kumwambia mama kwa Kikipsigis, niliweza kuyasema kwa Kiswahili. "Titi" kwa lugha ya mama ni titi la mama yangu. "Titi" kwa Kiswahili ni neno lililomo kamusini. Kiswahili kikawa pazia baina yetu, yeye upande wake na mimi upande wangu, na sauti zikipita. Mama mwenyewe alilishika pazia hilo mara moja. Alinijibu kwa Kiswahili, jambo ambalo hatukuwa tumelifanya tangu nikiwa mtoto wa kufundishwa nyimbo za shule.

Daktari akasema kuwa kwa kuwa matibabu yamekamilika, mama anaweza kufikiria kuundiwa titi. Akataja njia kadhaa kwa mfululizo. Nami, kwa aibu na kwa kutaka kumfurahisha, nikazifupisha zote katika sentensi moja: "Anasema wanaweza kukurudishia."

Laiti ningalijua uzito wa kitenzi hicho! Mama alitabasamu. Tulipofika nyumbani senge alisikia habari akapiga vigelegele uani. Baba hakusema kitu, lakini jioni ile alimtazama mtamba wetu kwa muda mrefu, na kesho yake mnunuzi wa kutoka Mulot akaja kutaja bei. Sikuona kosa lolote. Kurudisha ni neno zuri. Lina wema ndani yake, lina nyumbani ndani yake.

Kosa lilifichuka tuliporejea baada ya mwezi. Safari hii alikuwapo muuguzi mmoja Mkipsigis, na mama, akijiona yuko na mwanamke mwenzake, akaliuliza swali lake kwa lugha yake, taratibu, mimi nikijifanya nasoma bango ukutani. Aliuliza iwapo titi hilo likirudi litahisi baridi ya asubuhi akiwa shambani. Muuguzi akamjibu kwa ukweli kwamba aghalabu halihisi; ngozi hubaki na ganzi, na hata hisia zikirejea huwa kidogo, si kama zamani. Wala halina chuchu mpaka ifanyiwe kazi yake ya pekee. Wala si operesheni moja.

Mama hakuzungumza hadi tulipokuwa kwenye matatu. Tulipokaribia kushuka akasema, bila kunitazama: "Ukiazima jembe la jirani, likavunjika, ukampelekea jingine, umerudisha?"

Nikasema, "La, mama. Nimelipa."

"Basi ungesema kulipa."

Msomaji mwenzangu, nimekaa katika madarasa ya nadharia ya tafsiri. Nimejadili ulinganifu, uaminifu na usaliti wa mfasiri hadi nikapata alama za kuridhisha. Hakuna mhadhara ulionichoma kama sentensi ile. Mtamba alikuwa karibu kuuzwa kwa sababu ya kiambishi na mzizi nilivyoviokota kwa haraka. Tukamrudishia mnunuzi malipo yake ya awali (huko ndiko kurudisha!) nami nikakaa chini kuyatafuta maneno.

Nilianza na jina la fani yenyewe. Watu husema "upasuaji wa plastiki", na mama alipolisikia kwa mara ya kwanza aliuliza kama watatumia plastiki ile ya madebe ya maji. Tulicheka sana, lakini ukilifuatilia neno hilo hadi kwenye Kiyunani utakuta kwamba halikuhusu madebe. Asili yake ni kufinyanga, kuupa udongo umbo. Plastiki ya madebe iliitwa hivyo baadaye kwa kuwa nayo hufinyangika. Nikapata kitenzi changu. Titi halirudishwi, titi linafinyangwa. Mfinyanzi hadanganyi kuwa chungu chake ndicho kile kilichovunjika. Anakuambia hiki ni kipya, udongo wake nimeutoa mahali fulani, na ukikibeba vibaya kitapasuka.

Na udongo unatoka wapi? Hapo ndipo penyewe. Nilisoma, nikapiga simu kwa rafiki anayesomea udaktari, nikaandika katika daftari kwa Kiswahili ambacho mama angekielewa.

Njia ya kwanza ni kipandikizi, mfuko wa silikoni unaowekwa chini ya ngozi au chini ya msuli wa kifua. Mara nyingi hutanguliwa na mfuko mwingine ambao hujazwa maji ya chumvi kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, mpaka ngozi ikubali kutanuka. Mwanamke wa kwanza kuwekewa mifuko ya silikoni alikuwa Timmie Jean Lindsey wa Houston, Marekani, mwaka 1962, naye hakuwa mgonjwa wa saratani. Alikwenda kutaka kufutwa michoro ya wino kifuani, madaktari wakamshawishi awe wa majaribio. Vipandikizi si vya milele. Baadhi hupasuka, vingine huzingirwa na kovu gumu linalovifinya, na kuna mwanamke atakayelazimika kurudi kitandani mara ya pili au ya tatu. Mwaka 2019 aina moja yenye uso wa kukwaruza iliondolewa katika masoko ya dunia kwa kuhusishwa na saratani adimu ya mfumo wa limfu. Zaidi ya hayo, ngozi iliyopigwa miale, kama ya mama, huwa ngumu na huzidisha uwezekano wa matatizo hayo. Rafiki yangu alinieleza hili mara mbili, kwa sauti ya mtu anayetaka uandike.

Njia ya pili ni kutumia mwili wake mwenyewe. Waweza kuchukuliwa nyama na mafuta ya tumbo, mishipa midogo ya damu ikashonwa kwa darubini, kazi ya saa nyingi inayohitaji mabingwa ambao Kenya inao wachache, wengi wao wakiwa Nairobi. Ama huchukuliwa msuli mpana wa mgongo pamoja na ngozi yake, ukazungushwa kupitia kwapani hadi kifuani bila kukata mshipa unaoulisha. Njia hii ya mgongo si mpya hata kidogo. Mwitaliano Iginio Tansini aliieleza mwaka 1906, ikasahaulika, ikafufuliwa katika miaka ya 1970. Ndiyo daktari wetu aliyoipendelea kwa mama, kwa kuwa huleta ngozi nzima isiyoguswa na miale.

Njia ya tatu daktari aliitaja mwishoni, kwa maneno machache, kama mtu anayetaja mlango wa nyuma: kuacha kifua tambarare. Nami katika tafsiri yangu ya kwanza sikuitaja kabisa. Niliona kwamba hiyo si njia, ni ukosefu wa njia.

Nilimsomea mama daftari langu jioni moja wakati wa kukamua. Sikuchagua saa hiyo kwa werevu, ilitokea tu. Mama alikuwa amekalia kigoda, paji la uso likiegemea ubavu wa ng'ombe, nami nimesimama nyuma yake nimeegemea uzio. Hatukuweza kutazamana hata kama tungetaka. Maziwa yalikuwa yakilia ndooni. Nilisoma kwa Kiswahili, nikatua kila baada ya aya, na katikati ya kusoma nikagundua kwamba nimesema "titi" mara kumi na ushei wala dunia haijaanguka. (Lugha hii nayo ina utani wake: ziwa ni titi, ziwa ni bwawa kubwa la maji, na maziwa ndiyo yale yaliyokuwa yakijaza ndoo. Nilishukuru kwamba nilikuwa nimeandika "titi".)

Nilipofika kwenye msuli wa mgongo aliacha kukamua.

"Upi?"

Nikamweleza: ule utokao chini ya kwapa ukashuka hadi kiunoni. Alinyanyua mkono wa kushoto, ambao tangu tezi zitolewe huvimba akiuchosha, akautupa nyuma ya bega kama anayetia majani kikapuni. Akaushusha. Akautupa tena. Mkono wa kulia ulikuwa kwenye mgongo wake mwenyewe, unapapasa.

"Huu?"

Nikasema nadhani ndio huo. Nikamsomea na yale mengine, maana niliapa kutoficha: kwamba wengi waliofanyiwa hivyo huendelea na shughuli za kila siku bila tatizo kubwa, kwa kuwa misuli mingine husaidia, ila wapo wanaobaki na udhaifu wa bega katika kazi za kuvuta, kupanda na kunyanyua. Mama akarudi kwenye chuchu za ng'ombe.

"Kwa hiyo," alisema baadaye, "wachukue kinachofanya kazi, wakitengeneze kuwa kisichofanya kazi, ili nionekane."

Sikuwa na jibu. Napenda kukiri kwamba nilikuwa upande wa kuundwa upya. Nilitaka picha ya mama kama ilivyokuwa. Nilitaka, kwa siri, kwamba watu wa kanisani waache kumtazama kifuani wanapomsalimu. Nilikuwa nimegundua pia kwamba daftari langu halikuwa na haki: njia mbili za kwanza nilizipa kurasa nne, ya tatu nikaipa mistari miwili, na katika mistari hiyo nilitumia kitenzi "kubaki". Atabaki hivyo. Kubaki hutumiwa kwa makombo. Usiku ule nilifuta nikaandika "kuchagua kifua tambarare", nikaeleza kwamba hii nayo ni kazi ya upasuaji inayoweza kufanywa vizuri, ngozi iliyozidi ikaondolewa na kovu likalainishwa, na kwamba mlango haufungwi: mwanamke aweza kukaa miaka kisha akarudi kuomba kufinyangiwa, afya yake ikiruhusu.

Senge alikataa katakata. Kwake yeye, mwanamke aliye hai hawezi kuacha kukamilika iwapo fedha zinaweza kutafutwa, na harambee si jambo geni kwetu. Tusimcheke senge. Alimpenda mama kwa njia anayoijua, na kuna wanawake wengi ambao kuundiwa titi kumewarudishia usingizi (nalitumia neno hilo kwa kukusudia) wakavaa nguo zao bila kufikiria. Angelina Jolie alipotangaza mwaka 2013 kwamba amekatwa matiti yote mawili kwa kujikinga na kuwekewa vipandikizi, alisema waziwazi kuwa hajioni amepungukiwa na uanawake. Sina ugomvi naye. Ugomvi wangu ni na hali ambapo mwanamke anapewa njia moja iliyovikwa maneno matamu na nyingine iliyovuliwa.

Katika kusoma kwangu nilimkuta Audre Lorde, mshairi Mmarekani mweusi ambaye wengi wetu tumekutana na jina lake katika kozi za fasihi na jinsia. Alikatwa titi moja mwaka 1978, na mwaka 1980 akachapisha kitabu kuhusu safari hiyo, The Cancer Journals. Anasimulia jinsi alivyoletewa kijititi cha sufi hospitalini na mtu wa kujitolea mwenye nia njema, na jinsi siku chache baadaye, alipokwenda kliniki bila kukivaa, muuguzi alimwambia kuwa kutokivaa kunaivunja moyo kliniki. Lorde alikasirika. Aliona kwamba wanawake waliokatwa titi wakifichwa wote, hawataonana, na wasioonana hawawezi kudai chochote. Nilimsimulia mama. Akasikiliza hadi mwisho, kisha akauliza huyo mama alikuwa akifanya kazi gani. Nikasema mwalimu na mshairi. "Kumbe hakuwa na kikapu," akasema, "na bado alikataa." Nadhani huo ndio uhakiki mfupi kuliko wote niliowahi kuusikia.

Baba aliulizwa mwisho, kama ilivyo desturi ya mambo magumu kwetu. Alikuwa akinoa panga. Aliuliza swali moja tu: operesheni hiyo ingemlaza mama siku ngapi? Nilipomwambia ni wiki kadhaa kabla ya kurejea kazi nzito, akaendelea kunoa, kisha akasema kwamba mwaka 2023 nyumba ilikuwa kimya sana mama alipokuwa hospitalini, na kwamba yeye hakuoa kifua. Akaondoka na panga lake ambalo halikuwa butu hata kidogo.

Kuna njia nyingine ambayo haimo katika vitabu vya upasuaji, nayo ilitufikia kwa mdomo kliniki. Hapa Kenya, Nairobi na Thika kwa mfano, wapo wanawake walionusurika saratani ambao hufuma matiti bandia kwa uzi, wakayajaza pamba laini, yakavaliwa ndani ya sidiria. Ni mepesi, yanafulika, na bei yake haifanani hata kidogo na ya yale ya silikoni yanayoagizwa kutoka ng'ambo. Dada yangu alimletea mama moja, rangi ya kahawia. Mama alilipima mkononi kama anayepima kitunguu sokoni, akaligeuza, akasifu mshono wake, akauliza kwa nini wasiweke rangi ya kijani. Hulivaa Jumapili na kwenye harusi. Siku za chai huliacha kabatini kwa sababu, asema, mkanda wa kikapu hulisukuma hadi likafika shingoni, na mara moja lilimchungulia karani wa kituo cha kununulia majani.

Tulirudi kwa daktari Agosti 2024. Nilikuwa nimejiandaa kutafsiri, na daftari langu kwapani, lakini mama alinitangulia. Alimwambia kwa Kiswahili chake cha kambi, kinachoruka viambishi na kufika kinakokwenda, kwamba ameyasikia yote, kwamba anaushukuru mkono wake, na kwamba mgongo wake bado una kazi. Akaomba tu ile ngozi iliyojikunja kwapani, inayomkwaruza akichuma, itengenezwe. Daktari alinitazama kuona kama nitaongeza neno. Sikuongeza. Akaandika.

Mtamba yule amezaa. Mama hupanda Silibwet mara mbili kwa wiki, si kila siku kama zamani, na mkono ukivimba hupumzika. Mwezi uliopita tulikuwa kwenye benchi la kliniki, tukisubiri uchunguzi wake wa kawaida, alipoketi karibu nasi mama mmoja wa makamo akiwa na kijana wa rika langu aliyeshika bahasha ya picha na kuikodolea macho sakafu. Mama aliwasalimu, wakazungumza kidogo kuhusu mvua. Kisha akanigusa kiwiko, akanong'ona kwa Kiswahili:

"Msaidie huyo kijana. Lakini usimwambie kurudisha."